Maswali kuhusu "quite", neno dogo la Kiingereza linalochanganya watu wazima

Haya ni maswali ninayoulizwa darasani na kwenye meseji karibu kila wiki. Nafundisha Kiingereza jioni hapa mjini Unguja, wanafunzi wangu wengi ni watu wa hoteli na waongoza watalii, na sijaona neno fupi linalowasumbua kama hili. Kila jibu linajitegemea kwa hiyo unaweza kuruka ukaenda kwenye swali lako, ukikuta nimesema angalia swali fulani ujue huko ndo nimelieleza kwa kirefu.

## Mambo ya mwanzo

1. "Quite" maana yake nini kwa Kiswahili?

Ina maana mbili na hapo ndo shida yote inapoanzia. Ya kwanza ni "kiasi", yaani kitu kimepita kawaida lakini hakijafika kwenye "sana". "The water is quite warm", maji yana joto kiasi, unaweza kuogea. Ya pili ni "kabisa", yaani kitu kimefika mwisho, hakuna pa kuongeza. "The bottle is quite empty", chupa tupu kabisa, haina hata tone.

Kwa hiyo ukiniomba tafsiri moja ya kuandika pembeni ya daftari sikupi, manake ukiandika "kiasi" peke yake utapotea na ukiandika "kabisa" peke yake utapotea vilevile. Andika zote mbili, afu jifunze vitu vinavyochagua kati yao. Ni vitatu: neno linalofuata (swali la 4), sauti ya msemaji (swali la 6) na anakotoka msemaji (swali la 7).

2. Kwanini neno moja libebe maana mbili zinazogombana?

Kwasababu halikuanza hivo. Lilianza na "kabisa" tu. Limeingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, na nyuma yake kuna neno la Kilatini "quietus", lenye maana ya kutulia au kuwa huru na mzigo. Mtu aliyelipa deni lake lote alikuwa "quit", hadaiwi na mtu. Ukiishika hiyo picha ya deni lililoisha lote utaona "kabisa" imetokea wapi: hakuna kilichobaki. Waingereza wamelitumia kwa maana hiyo tangu karne ya 14.

Maana ya "kiasi" ni ya juzi, imezoeleka karne ya 19. Kilichotokea ni kwamba watu walilitumia mno mpaka likaisha makali. Na hilo sio la Waingereza peke yao. Angalia "pole sana" yetu, mtu amejikwaa kidogo tu mlangoni unamwambia pole sana, hiyo "sana" haina uzito ule wa "amelia sana msibani". Neno likizoeleka linapungua nguvu, ila kule kwenye sentensi fulani fulani linabaki na nguvu yake ya zamani. "Quite" limekwama katikati ya safari hiyo, ndo mana lina nyuso mbili.

3. "Quite", "quiet" na "quit" nazichanganya kuandika na kutamka, nifanyeje?

"Quite" ni silabi moja, kwait, kama vile unasema "kwa" ukamalizia na "it" harakaharaka. "Quiet" ni silabi mbili, kwa-yet, maana yake kimya au tulivu. "Quit" ni kwit, maana yake kuacha. Kwenye kuandika angalia "e" imekaa wapi: mwishoni ni "quite", katikati ni "quiet".

Kosa ninaloliona zaidi ni lile la kibao ukutani, "Please be quite". Sentensi hiyo inaning'inia, ni kama umesema "tafadhali kuweni kiasi" na ukanyamaza, msomaji anasubiri kiasi cha nini. Afu usijilaumu ukiyachanganya, yote matatu yametoka kwenye mzizi mmoja ule wa swali la 2, ni ndugu wa tumbo moja.

## Kujua ni maana ipi

4. Nitajuaje kama hapa ni "kiasi" na hapa ni "kabisa"?

Angalia kivumishi kinachofuata. Kuna vivumishi vyenye ngazi, unaweza kupanda na kushuka: baridi kidogo, baridi, baridi sana. Na kuna vivumishi visivyo na ngazi, ama kipo ama hakipo. Jaribio liko kwenye Kiswahili chako mwenyewe wala huhitaji kitabu cha grama. Je unaweza kusema "sana" au unalazimika kusema "kabisa"? "Amechoka sana" sawa. "Amekufa sana" hakuna anayesema, utasema "amekufa kabisa". "Ghali sana" sawa. "Chupa tupu sana" hapana, ni "tupu kabisa". "Haiwezekani sana" ukiitumia kwa kitu kimoja ambacho hakiwezekani utachekwa, ni "haiwezekani kabisa".

Sasa vile vinavyokubali "sana", kwa Kiingereza ni kama "good", "cold", "big", "tired", "expensive", "interesting", ukitanguliza "quite" unapata "kiasi". "The hotel is quite expensive", bei yake imechangamka lakini watu wanalipa. Na vile vinavyodai "kabisa", kama "impossible", "dead", "empty", "full", "perfect", "unique", ukitanguliza "quite" unapata "kabisa". "It's quite impossible", haiwezekani, usijisumbue kuuliza tena.

Kuna kundi la tatu linalosahaulika, vivumishi ambavyo "sana" imeshameza ndani. "Exhausted" ni kuchoka mpaka basi, "freezing" ni baridi ya kugandisha, "delicious" ni tamu mno. Hivi vimeshafika kileleni kwa hiyo "quite" yake ni ya "kabisa". "Quite tired" na "quite exhausted" zimeachana mbali sana, wa kwanza anaweza kuendelea na kazi, wa pili mtafutie godoro.

5. Mbona "different" inakubali "very" lakini mwalimu anasema "quite different" ni tofauti kabisa?

Mwalimu yuko sahihi na jaribio langu la swali la 4 hapa linalegea. Kuna maneno machache yanayokubali ngazi lakini yakikaa na "quite" yanachukua maana ya zamani. Yashike kichwani tu: "quite different", "quite right", "quite wrong", "quite true", "quite sure", "quite certain". Yote ni kabisa. Mtu akikwambia "Are you quite sure?" hakuulizi kama una uhakika kiasi, anakuuliza kama una uhakika wote kabla hajafanya kitu, na mara nyingi ana wasiwasi na jibu lako.

Hii ya "quite different" nimeona ikileta hasara. Mteja anasema picha ya chumba kwenye mtandao na chumba chenyewe ni "quite different", mhudumu anaelewa kwamba zimetofautiana kidogo tu kwa hiyo anaichukulia poa, kumbe mteja anasema hiki sicho nilicholipia.

6. Ni kweli sauti inabadilisha maana?

Kweli kabisa, hasa kwa Waingereza. Chukua "quite good". Mtu akiukaza mwisho, quite GOOD, amependa, kimemshangaza kwa uzuri. Akiukaza mwanzo, QUITE good, na sauti ikashuka afu ikapanda mwishoni kama vile kuna neno anataka kuongeza, ujue kuna "lakini" inakuja. Kizuri ila nilitegemea zaidi.

Ukitaka kuisikia vizuri fikiria "tu" ya kwetu. "Chakula kizuri tu." Iseme kwa kuchangamka, umeinua nyusi, unamsifia mpishi ambaye watu walimdharau. Iseme kwa kulegea, unaangalia pembeni, umemaliza habari ya chakula hicho. Maneno ni yaleyale na hakuna Mswahili anayehitaji kufundishwa tofauti. Sikio hilohilo ulilonalo kwenye "tu" lilete kwenye "quite".

Shida iko kwenye maandishi ambako sauti hakuna, hapo rudi kwenye neno linalofuata na sentensi za jirani, nimetoa mfano swali la 8.

7. Mmarekani na Mwingereza wanatofautiana?

Wanatofautiana na watu wameumizana kwa hili. Mmarekani akisema "quite good" mara nyingi yuko karibu na "very good", anasifia. Mwingereza akisema hivohivo mara nyingi yuko kwenye "si mbaya". Bosi Mmarekani akimwandikia mfanyakazi Mwingereza "your work is quite good" amempongeza, na huyu anaenda nyumbani amenuna. Wote wamezaliwa na Kiingereza na bado hawaelewani, kwa hiyo wewe uliyeanza kukisomea sekondari usijione mzito.

Tofauti hii ipo kwenye vile vivumishi vyenye ngazi tu. Kwenye "quite impossible" na "quite dead" wote wawili wanasema kabisa.

Sisi tuko katikati. Kiingereza cha shuleni Tanzania, Kenya na Uganda kimekuja na Mwingereza, lakini sinema tunazoangalia na nyimbo tunazosikiliza nyingi za Marekani. Ndo mana utakuta wawili waliosoma darasa moja wanalisikia tofauti. Mimi nawashauri wanafunzi wangu waanze na maana ya Kiingereza cha Uingereza, manake wageni wengi wa Ulaya nao wamefundishwa hicho, halafu wakijua mgeni ni Mmarekani wapandishe ngazi moja.

8. Mgeni akiandika kazi yangu ni "quite good" nifurahi au nihuzunike?

Usifanye lolote mpaka usome sentensi ya jirani. Nilijifunza hili nikiwa risepsheni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, alijaza fomu ya maoni kwa kalamu ya bluu mwandiko mzuri umelala upande: "Breakfast was quite good. Staff very kind." Nikaenda jikoni mbio nikamwambia mpishi mgeni amesifia chakula chako sana, yule mama wa jikoni akafurahi, akaamka mapema kesho yake akamkaangia mandazi ya iliki ya moto, akamwongezea na vitumbua. Mgeni akala tunda na chai, mandazi akaacha.

Meneja alivyoiona ile fomu akaweka kidole kwenye karatasi akaniambia soma tena. Wafanyakazi kawaandikia "very". Chakula kakiandikia "quite". Ni mkono uleule, kalamu ileile, mstari mmoja, na "very" alikuwa nayo, kwahiyo angeitaka kwa chakula angeitumia. Nilimwonea huruma sana mpishi, manake kosa lilikuwa langu na yeye ndo aliyelilipia na usingizi wake.

Tangu siku hiyo nikiona "quite" natafuta kwanza mtu huyohuyo ametumia maneno gani kwenye mambo mengine. Afu kuna upande wa pili wa shilingi. Kwenye sifa "quite" ya Mwingereza inapunguza, kwenye malalamiko inaficha. "I was quite disappointed" kwenye barua sio kusikitika kiasi, huyo ameudhika na anajizuia kwa adabu, mjibu leoleo.

## Mpangilio wa maneno

9. Niseme "quite a good book" au "a quite good book"?

"Quite a good book". Inakwenda kinyume na "very", kwasababu unasema "a very good book" lakini "quite a good book", hiyo "a" inakaa baada ya "quite". Huu mwingine wa "a quite good book" utauona mara mojamoja, hasa Marekani, lakini ukiuzoea huu wa kwanza huendi vibaya popote. Kukiwa hakuna nomino basi hakuna "a" pia, "the book is quite good", yamekwisha.

10. "Quite a few" ni wachache kiasi?

Hapana! Ni wengi. Najua inaudhi, "few" ni wachache, "a few" ni wachache kadhaa, halafu unaongeza "quite" wanakuwa wengi. Lakini ndivyo ilivyo kwa Mwingereza na kwa Mmarekani, hapa hawagombani. "Quite a few guests complained", wageni kadha wa kadha wamelalamika, tena sio wawili watatu, hali ni mbaya. Mwenzake ni "quite a lot" na "quite a bit", zote nyingi.

Ukitaka kusema wachache tu sema "only a few". Na usiiangushe "a", manake "quite few" watu hawaisemi hivihivi, ukiisema anayekusikiliza hatajua umekusudia wengi au wachache.

11. Na "quite a story", "quite some time", "quite the gentleman"? Kivumishi kiko wapi?

Hakipo na hakihitajiki, sifa imejificha humohumo. "That was quite a story", hiyo hadithi ilikuwa hadithi kwelikweli, kama sisi tunavyosema "yule ni mwanamume" na sauti inamalizia kazi. "Quite some time" ni muda mrefu. "Quite the gentleman" ni muungwana hasa, ila angalia uso wa anayesema, kuna wakati ni kejeli.

12. Nikiiweka na kitenzi inakaa wapi na inamaanisha nini?

Inakaa kabla ya kitenzi kikuu: "I quite like it". Kukiwa na kitenzi kisaidizi inakaa katikati: "I can't quite see". Usiipeleke mwishoni, "I like it quite" haisemwi. Ila "I like it quite a lot" inasemwa kwasababu hapo "quite" imeshikana na "a lot".

Maana inategemea kitenzi kwa mtindo uleule wa swali la 4. Kupenda kuna ngazi, kwa hiyo "I quite like it" na "I quite enjoyed it" kwa Mwingereza ni kupenda kiasi, sio kupenda sana, usimwambie mchumba. Kukubali na kuelewa wanavichukua kama vitu vilivyokamilika, kwa hiyo "I quite agree" ni nakubali kabisa na "I quite understand" ni nimekuelewa, usijali, mara nyingi mtu anaisema wewe ukiwa umeomba radhi.

## Kwenye kukanusha

13. "I don't quite understand" si ndo "sielewi kabisa"?

Hapa nakuomba usome polepole kwasababu ndipo Kiswahili kinapotutega wenyewe, na wanafunzi wazuri kabisa wananasa.

Ukikanusha, "quite" inakuwa ya "kabisa" siku zote, hiyo ni kanuni nzuri haina usumbufu. Kwahiyo mtu anafanya hesabu: "don't understand" ni sielewi, "quite" ni kabisa, jumla "sielewi kabisa". Hesabu iko sawa lakini jibu sio. Kwa Kiswahili "sielewi kabisa" ni kwamba hakuna hata kimoja kilichoingia, sifuri. Kwa Kiingereza "not quite" ni kwamba umekaribia kufika ila hujafika, kimebaki kipande. "I don't quite understand" ni nimekuelewa karibu yote ila kuna mahali hapajakaa sawa. Kama ni sifuri Mwingereza anasema "I don't understand at all".

Njia ninayowapa: kwenye Kiswahili "kabisa" inaushikilia ule ukanushi, sielewi na nasisitiza sielewi. Kwenye Kiingereza ukanushi unaishikilia "quite", nimeelewa ila sio kabisa. Ndo mana tafsiri inayotulia ni "sijaelewa vizuri". Vivyo hivyo "The food is not quite ready" ni chakula bado kidogo, mwambie mgeni asubiri dakika chache, usimwambie hakipo tayari kabisa akaondoka.

14. "Not quite" inatumika kumkatalia mtu kwa adabu?

Ndio, na waalimu wanaipenda. Mwanafunzi kajibu kosa, badala ya "no" unamwambia "not quite", yaani hujafika ila njia ni hiyo. Hata kama jibu lake liko mbali watu wanaitumia kumhifadhi aibu, kwa hiyo ukiambiwa "not quite" usidhani umekosa kidogo, umekosa. "Not quite right" kwenye mambo ya afya au mashine ni kuna kasoro, "something is not quite right with the engine" sio sentensi ya kupuuza mkiwa baharini.

Na usigeuze, "quite not ready" siyo Kiingereza. Ukanushi unatangulia.

## Majirani zake

15. "Quite", "very", "fairly", "rather", "pretty" na "too", nipangilie basi

Chukua kikombe cha chai. "Fairly hot" ina moto wa wastani. "Quite hot" imepanda kidogo, unakunywa bila tatizo. "Pretty hot" ni hapohapo au juu kidogo, ila ni lugha ya mtaani, kwenye barua ya kazi iache. "Rather hot" ina moto kuliko ulivyotegemea, mara nyingi msemaji hajafurahi au ameshangaa. "Very hot" moto sana, pulizia. "Too hot" huwezi kuinywa, imepita kiasi, na hiyo ndo tofauti kubwa ambayo "sana" yetu inaificha, manake kwa Kiswahili mtu anasema "ya moto sana" akiwa anakunywa na akiwa anairudisha.

Ngazi hizi ni za Mwingereza, za Mmarekani angalia swali la 7, na hata huko Uingereza sauti inaweza kuzivuruga.

16. Naweza kusema "quite better", "quite bigger"?

"Quite bigger" hapana. "Quite" haikai na ulinganisho, tumia "much bigger" au "a bit bigger", au "rather bigger" ukitaka Uingereza zaidi. "Quite too big" pia hapana. "Quite better" ipo kwa mlango mmoja tu, mgonjwa aliyepona. "She's quite better now" ni amepona kabisa. Kwahiyo usiitumie kutafsiri ile "hajambo kidogo" tunayosema mgonjwa akipata nafuu, hiyo ni "a bit better", la sivyo ndugu watafunga safari wakijua mtu yuko jikoni anapika kumbe bado kitandani.

Lakini kwa kilichozidi vyote inakubali: "quite the best" ni bora kuliko vyote, bila ubishi.

## Mambo ya pembeni

17. Mtu amenijibu "Quite." peke yake, amekasirika?

Hapana, amekubaliana na wewe. "Quite", "quite so", "quite right", zote ni "hasa", "ndivyo", "naam". Ni Kiingereza cha Uingereza, cha watu wazima na cha kirasmi kidogo, vijana hawaisemi sana. Wewe huna haja ya kuisema ila uitambue.

18. "That's quite enough" ni asante nimeshiba au ni ukali?

Zote mbili, "enough" ni ya kundi la "kabisa" kwa hiyo maana ni inatosha kabisa. Mgeni ukimmiminia juisi akisema kwa upole huku mkono uko juu ya glasi ameshukuru. Mzazi au mwalimu akisema kwa watoto kwa sauti nzito, "That's quite enough!", ni "basi sasa!", na mtoto wa Kiingereza anajua kinachofuata kama wa kwetu anavyojua.

19. Kwenye ripoti, barua ya kazi au insha niitumie?

Mimi nasema iache palipo na neno kali zaidi. Ripoti inasomwa na Mwingereza, Mmarekani, Mhindi na sisi, na kila mmoja atapima kwa mizani yake. Ukiandika "the roof is quite damaged" fundi ataleta mabati mangapi? Andika "completely" kama ni kabisa, "fairly" kama ni kiasi, au bora zaidi andika idadi, mabati 6 yametoboka. Ila "not quite" haina utata, itumie tu.

Hiyo mbinu ya kubadilisha inafaa pia kwenye kusoma. Ukikutana na "quite" weka "completely" mahali pake, usome, afu weka "fairly", usome. Moja itakataa. "Fairly impossible" inakataa, basi ni kabisa.

20. Niko na mgeni uso kwa uso, amesema "quite nice" na sijui ipi, nifanyeje?

Usimuulize maana ya neno, utamtia aibu. Muulize kitu ambacho jibu lake litakuonesha. Mimi siku hizi nikiwa mezani na mtu akaniambia pweza wa nazi ni "quite nice", nauliza "Shall I bring you a little more?" Akisukuma sahani mbele kabla sijamaliza sentensi, nimepata jibu. Akisema "No, thank you, that was quite enough", narudi swali la 18, natoa sahani naenda jikoni na habari sahihi.